Kabla shule hazijafunguliwa: kazi ya wajitoleaji wetu Kalemie



Mwezi wa nane ukiingia, hapa Kalemie kila mzazi anaanza kuhesabu. Shule zafunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na mtoto ataingia na nini? Kwa jamaa zilizokimbia mapigano kati ya Watwa na Wabantu, yaliyowaka sana tangu 2016 upande wa Nyunzu, Manono na Kabalo, swali hilo ni zito zaidi. Waliacha nyumba, mashamba, na karatasi zote ndani ya nyumba.

Tunataka kueleza namna wajitoleaji wanavyosaidia watoto hao kabla ya siku ya kwanza, na pia mahali tulipokosea.

Tuanze na sheria, maana wengi bado wanadanganywa. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Bure hiyo ilianza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019. Basi mtoto wa shule ya msingi ya serikali asifukuzwe kwa sababu ya minervali. Lakini bure haifiki kwenye kaye, biki, shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Tena haifiki sekondari. Ndipo mzazi anapokwama, na aibu inamfanya amfiche mtoto nyumbani.

Wajitoleaji wanatembea wawili wawili, mkimbizi mmoja na mwenyeji mmoja. Palipo na Watwa na Wabantu, kila upande unatoa mtu wake. Kuanzia mwezi wa saba wanapita nyumba kwa nyumba na kuandika: jina, umri, darasa la mwisho, anaishi na nani. Swali hilo la mwisho ndilo tunalolisisitiza. Baba wa nyumba akiulizwa, anataja watoto wake wa kuzaa. Yatima aliyepokelewa njiani hatajwi, wala msichana anayebaki kubeba mtoto mchanga wakati mama yuko shambani. Mjitoleaji mzuri huketi, hanywi maji na kuondoka mbio, na huangalia ni watoto wangapi wanaokuja wakati wa kula fufu.

Halafu kuna mambo ya karatasi. Buletini ikipotea, mjitoleaji anamsindikiza mzazi kwa mkuu wa shule kabla ya msongamano wa mwezi wa tisa, kuomba mtoto apimwe kwa jaribio dogo na kuwekwa darasa linalomfaa. Wakuu wengi tuliowaendea mapema walikubali. Tuliowaendea shule ikiwa imeanza walituonyesha madarasa yaliyojaa. Kuhusu cheti cha kuzaliwa, mtoto anapaswa kuandikishwa katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na hiyo inakula muda na pesa. Kwa hiyo mama aliyejifungua hivi karibuni asingoje. Na mzazi wa mtoto mkubwa asimzuie nyumbani eti mpaka cheti kitoke. Amwandikishe shuleni huku akifuatilia.

Mtoto mwenye miaka kumi na zaidi ambaye hajasoma kamwe anaona haya kuketi na watoto wa miaka sita. Huyo aulizie kituo cha kufidia masomo, ambako miaka sita ya shule ya msingi inafupishwa kuwa mitatu.

Sasa kosa letu. Mwaka mmoja tuliwagawia kaye na mifuko watoto wa wakimbizi peke yao. Tulidhani ni haki. Lakini mama wenyeji, waliokuwa wamegawana nao mihogo na nafasi ya kulala, walisimama pembeni wakitazama watoto wao wakirudi mikono mitupu. Juma hilohilo yalizuka matusi kisimani, na watoto wakayapeleka shuleni. Tulikuja kujenga amani, tukaleta ugomvi ndani ya mfuko wa kaye! Siku hizi orodha inasomwa hadharani mbele ya Baraza, ambamo Watwa na Wabantu wanaketi pamoja, na kinachoangaliwa ni shida ya nyumba, si mahali mtu alikotoka. Manung'uniko hayajaisha, kwa kuwa vitu havitoshi kamwe. Ila yanasemwa mchana, mbele ya watu.

Kwa watoto wa Kitwa kaye haitoshi. Wanachekwa, wanasukumwa benchi la nyuma, na wazazi wakienda porini kutafuta asali nao wanatoweka. Majuma mawili ya kwanza wajitoleaji wanawasindikiza watoto wa pande zote katika kundi moja, njia moja. Pia tunawaomba wazee wa Kitwa wamwache mtoto kwa bibi au shangazi anayebaki kijijini. Mahali pengine imewezekana, pengine bado.

Viongozi, tunaomba orodha zenu zifike kabla ya katikati ya mwezi wa nane. Mzazi ambaye mtoto wake hajaandikwa amwone mjitoleaji wa avenyu yake, aje na mtoto mwenyewe, si jina tu. Mara moja mtoto mmoja aliandikwa kwa mama yake, kwa shangazi na kwa nyanya, na siku ya kugawa akaja mara tatu.