Tamathali za Semi na Adabu ya Kusikiliza

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa ataje tamathali za semi, huorodhesha bila kusita: tashbiha, sitiari, tashihisi, chuku, tafsida, kejeli. Orodha hiyo ina faida yake, lakini anayetaka kuishi na watu vizuri anahitaji zaidi. Lazima ajue nani anasema na nani, na katika shughuli gani.

Galula, karibu na Mto Songwe unaomwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Eneo hili lilikuwa chini ya Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Bondeni humo Wabungu wenyeji wanaishi na Wanyiha, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wenye mila tofauti, kwa hiyo kusikia vibaya kunaweza kuharibu ujirani.

Tashbiha haisumbui, kwa kuwa ina alama: kama, mithili ya, utadhani. Mkulima akisema mpunga umelala kama mkeka, unajua upepo umepita shambani. Sitiari huitupa alama hiyo: "Kijana yule ni kisiki," yaani haondoki pale aliposimama. Tashihisi huvipa vitu nia ya binadamu. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, na hupanuka au kunywea kwa kufuata mvua. Anayesema ziwa limewanyang'anya malisho analihesabu kuwa jirani mwenye tabia zake.

Utamu wenyewe uko kwenye posa. Mshenga hasemi, "Tunamtaka binti yenu." Husema, "Kijana wetu anatafuta jiko." Upande wa pili ukijibu, "Jiko bado linafinyangwa," mshenga mwerevu anaelewa kwamba binti bado yuko masomoni. Ombi limekataliwa, lakini hakuna aliyedharauliwa, na njia ya kurudi iko wazi. Mahari nayo ina taashira zake, zinazojulikana sehemu nyingi za Tanzania: kifungua mlango, mkaja wa mama, blanketi la bibi. Mara nyingi vyote hulipwa kwa fedha. Kijana anayelalamika kwamba bibi tayari ana mablanketi amesikia maneno tu. Blanketi hilo ni shukrani kwa malezi, na mkaja hukumbusha uchungu wa uzazi.

Kwenye msiba husikika tafsida. Mzee "ametutoka", na mjane haulizwi kwa maneno makavu. Ili kuitambua tafsida, jiulize msemaji amelikwepa neno gani, na kwa nini: huzuni, aibu au heshima.

Utani ndio mtihani mgumu zaidi. Katika jamii nyingi za Tanzania, babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", naye humjibu, "Mume gani huyu asiyeniletea hata ufuta?" Wote hucheka, kwa kuwa mila imewapa ruhusa. Maneno hayohayo yakitoka kwa baba mzazi ni fedheha. Vivyo hivyo, mtani akimkaribisha mvivu kwa kumwita "mwenye mpunga wa kulisha mkoa mzima", chuku na kejeli zimeshikana. Anayemjua mkaribishwa anacheka, lakini mgeni anaweza kuanza kumpongeza.

Kwa hiyo mwalimu asiishie kwenye ufafanuzi wa ubaoni. Awatume wanafunzi wakasikilize posa, vikao vya ukoo na mazungumzo ya watani, kisha warudi na semi walizosikia, wakieleza nani alimwambia nani na kwa nini hakusema wazi. Wazazi nao wasiwafukuze vijana kila wazee wanapoanza mazungumzo. Huko ndiko kijana anakojifunza kutenganisha utani na tusi, na kukataa bila kudharau. Jamii yenye makabila mengi inauhitaji ujuzi huo ili watu wake waendelee kuoana, kuzikana na kusaidiana.