Foto ya mtoto inaonyesha njia ya kolera

Mama, katika nyumba yako ni nani anabeba bidoni asubuhi? Mara nyingi ni mtoto. Hapa kandokando ya Ziwa Kivu, yeye ndiye anajua mahali watu wanapoteka maji, na mahali pa karibu wanapofulia nguo au kujisaidia. Katika mikutano tunazungumza sana juu ya kolera, lakini yule mtoto hatumuulizi kitu.

Kuna njia ya kumuuliza. Kuanzia mwaka 1992, katika jimbo la Yunnan huko China, wanawake wa vijijini walipewa kamera ili wapige foto za maisha yao. Caroline Wang na Mary Ann Burris ndio walianzisha kazi hiyo pamoja nao. Baadaye, katika mji wa Flint huko Marekani, vijana pia walipewa kamera. Viongozi wa mji nao walipiga foto, kisha waliketi pamoja na vijana kuzizungumzia.

Foto peke yake haitoshi. Watoto wanaketi mbele ya kila foto na kujibu maswali matano: Tunaona nini hapa? Ni nini kinatendeka kweli? Hilo linagusa maisha yetu namna gani? Kwa nini hali hii iko? Tufanye nini?

Swali la nne ndilo linafungua macho. Mtoto akisema, “Tunateka hapa kwa sababu robine imekauka,” basi si uchafu wa mama fulani tena. Ni jambo la kartie nzima.

Wamama, telefone moja yenye kamera inatosha kwa kikundi cha watoto watano. Lakini tuwalinde. Waombe ruhusa kabla ya kupiga foto ya mtu. Wasipige mgonjwa wala mtu aliye uchi. Wasikaribie askari wala kambi. Na mtu mzima aende nao kwenye maji.

Kisha chagueni foto tatu, mzipeleke kwa shefu wa avenyi na kwa kituo cha afya. Watoto wenyewe ndio wazieleze.

Wakati tunangoja robine, tuchemshe maji au tuyatie klorini. Mtoto akianza kuhara maji matupu, tumpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na tumpeleke kituoni haraka, hata usiku.