Kijiwe Kilichojibanza Kwenye Mchele

Sogeeni, wapwa zangu. Mpunga wa Kasongo umeshatwangwa, na bibi ameketi uani, ungo mapajani.

Kijiwe kimoja cheupe kimejibanza katikati ya mchele. Kinajisemea: “Mimi mweupe, wao weupe. Mimi mdogo, wao wadogo. Nani atanijua?” Bibi anatikisa ungo, anadonoa kwa vidole viwili, tup! Kijiwe kiko chini, kinashangaa.

“Mjomba, bibi ana macho makali kuliko yetu?”

Swali zuri hilo! Wala hana. Bibi huyo huyo hukuita umtungie uzi kwenye sindano. Macho yake hayakuongezeka nguvu. Kilichojifunza ni ubongo, ambao huko kisogoni hupokea habari za macho.

Ubongo ni ungo, wapwa zangu. Vinavyofanana huvikusanya huku, visivyofanana huvisukuma kule. Bibi amechambua mchele tangu utotoni. Punje zote zile kwake ni kitu kimoja: mchele. Hahangaiki nazo. Lakini kijiwe kinamrukia machoni! Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, Robert Goldstone, aliwafundisha watu kugawa miraba katika makundi, kwa ukubwa au kwa mng'ao. Waliojifunza wakaanza kuona tofauti ndogo zilizowapita wasiojifunza.

“Na waosha dhahabu wa Namoya, kule Kabambare?”

Nao vivyo hivyo. Wewe unaona mchanga tu kwenye karai. Mwenzio ameshaona chembe inayong'aa, na ameshajua kama ni dhahabu au ni udanganyifu.

“Lakini mjomba, ungo huo hautupi hata vitu vizuri?”

Eee! Nani kakufundisha kuuliza hivyo? Hutupa, mwanangu. Mtoto mchanga wa miezi 6 hutofautisha sura za kima, huyu na yule. Akifika miezi 9, kima wote kwake ni sawa. Olivier Pascalis na wenzake walionyesha hayo mwaka 2002. Kisha wakawapa wazazi wengine kitabu cha picha za kima, kila kima na jina lake, wawaonyeshe watoto wao nyumbani. Watoto hao walipofika miezi 9, bado waliwatofautisha.

“Basi na sisi tuwape kuku wetu majina?”

Wapeni. Ila yule wa kuchinjwa Jumapili muacheni hivyo hivyo.