Kiu ya Sigara Inajua Saa

Mvutaji anayefunga Ramadhani, awe wa Lamu, Unguja au Tanga, hukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi, muda wa saa 13 na ushei. Ni mtu yule yule ambaye mwezi wa Shaabani hamalizi saa mbili bila kuwasha. Sasa anafungua duka, anavutana na wateja, anasimama foleni benki, na pakiti imelala nyumbani haijaguswa. Jua likikaribia kuzama ndipo aghalabu uvumilivu unapokatika, na wapo wanaokumbuka kiberiti kabla ya tende. Jambo hili ni la kustaajabisha kuliko tunavyolichukulia. Nusu ya nikotini iliyomo damuni huondoka kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo kufikia adhuhuri sehemu kubwa imeshakwisha. Kama kiu ya sigara ingekuwa upungufu wa nikotini tu, mchana wa Ramadhani usingevumilika kwa mvutaji sugu. Lakini unavumilika, kwa sababu kiu hiyo haitazami damu peke yake. Inatazama pia saa, mahali, na kama ruhusa ipo au haipo.

Reuven Dar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walilipima jambo hili kwa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, walilinganisha safari fupi, za saa 3 hadi 5 hivi, na safari ndefu za saa 8 na kuendelea. Kiu ilipanda ndege ilipokaribia kutua, hata kama safari ilikuwa fupi. Muda ule ule ukipita katika safari ndefu, mhudumu alikuwa ametulia, maana alijua kwamba kutua bado. Mwaka 2005 Dar alikuwa ameshaona jambo la namna hiyo kwa Wayahudi washika dini, ambao hawawashi moto siku ya Sabato: siku hiyo tamaa yao ilikuwa ndogo kuliko siku za kazi walizotakiwa kujizuia.

Mtu atauliza: je, nikotini haina kosa? Inalo, na kubwa. Anayeacha hushikwa na arosto ya kweli: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha. Makali yake ni ya wiki ya kwanza, kisha hupungua kwa wiki tatu au nne. Kwa hali hiyo dawa zina kazi. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba za nikotini mbadala, kama vile bandiko na bazoka zake, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwongozo wake wa mwaka 2024 unapendekeza dawa pamoja na ushauri nasaha. Anayeweza kuzipata asizidharau. Ila wapo wanaorudia sigara baada ya miezi sita, wakati hakuna hata chembe ya nikotini iliyobaki mwilini. Kilichobaki ni kikombe cha kahawa barazani, chupa ya bia, ugomvi wa nyumbani, dakika kumi za kusubiri abiria. Dawa hupunguza makali, lakini haijui ratiba ya siku yako.

Ndiyo maana siwaamini sana wanaosema watapunguza polepole. Anayepunguza anabaki na ruhusa mfukoni, na kiu hukua penye ruhusa. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 uliwagawa watu 697 makundi mawili, wote wakisaidiwa kwa ushauri na nikotini mbadala. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha kwa mkupuo walikuwa bado hawavuti, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza kwanza. Baada ya miezi sita ilikuwa asilimia 22 kwa 15.5. Tofauti si ya kutisha, na wengi wa makundi yote mawili walirudi. Lakini inaelekea upande ule ule: “sivuti tena” ni mzigo mwepesi kuliko “labda jioni”.

Pingamizi zito zaidi ni la mtu wa kijiweni. Dereva wa bodaboda hawezi kuhama kituo kwa sababu wenzake wanavuta. Riziki yake ipo hapo. Kweli, lakini kichocheo si kituo kizima. Ni kiti fulani, mkono mtupu, na rafiki anayenyoosha pakiti. Abadili kiti, kahawa aigeuze chai au maji kwa mwezi mmoja, mdomoni aweke mswaki wa mti. Na wenzake awaambie ameacha, si kwamba anapunguza, maana anayepunguza hatakosa wa kumkaribisha pafu moja. Wimbi la kiu hudumu dakika chache tu. Yupo pia anayesema sigara humwondolea mawazo. Uchambuzi wa tafiti 26 katika jarida la BMJ mwaka 2014 ulionyesha kinyume: walioacha walipungukiwa na wasiwasi na sonona kuliko walioendelea. Mawazo ambayo sigara huondoa, mengi ni ya kuikosa sigara iliyopita.

Kuna kichocheo kimoja ambacho mvutaji hakujiwekea mwenyewe, nacho ni sigara ya moja moja. Sheria ya Kenya ya 2007 na ya Uganda ya 2015 zinakataza kuziuza hivyo, lakini meza zipo. Anayeacha hana haja ya kununua pakiti nzima ili ateleze; sarafu moja inatosha. Muuzaji anamjua kwa jina na kwa aina anayovuta, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi pembeni. Katika wiki za mwanzo, kuzunguka uchochoro mwingine ili kuikwepa meza hiyo si woga.