Mkisafiri Wawili, Nani Ashike Dola?

Pale Majengo, jijini Dodoma, hela inajulikana kwa rangi. Muuza mboga anaitambua noti kabla hajasoma tarakimu, na ukimpa mwekundu asubuhi kwa ajili ya fungu moja la mchicha atakuuliza, "Dada, huna ndogo?" Hata hivyo biashara haitaharibika. Atamtuma mtoto kwa jirani akatafute chenji, maisha yanaendelea.

Sasa subiri siku wewe na mwenzio mnapanga safari ya Dubai au Guangzhou kufuata mzigo wa duka, au Chennai kumpeleka mama kwenye matibabu. Huko hakuna jirani wa kutafutiwa chenji. Noti kubwa inageuka kuwa kitu chenye masharti, na kama hamkukubaliana mapema nani anashika, nani anajua kiasi na nani anaamua, kitita kile kile mlichokihangaikia kinaweza kuwarudisha nyumbani mmenuniana.

Shilingi yetu ikivuka mpaka

Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya shilingi 10,000. Ukiwa Namanga au Mutukula hukosi wa kukubadilishia. Ukishuka ndege Guangzhou, hiyo ni karatasi yenye picha ya tembo tu. Ndiyo maana wasafiri wengi hununua dola kabla ya kuondoka. Nunua benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, na udai risiti. Ukikutana na swali mbele ya safari, risiti ndiyo itakayokusemea.

Pale mpakani jihadhari na vijana wanaokukimbilia na mabunda mkononi wakikuahidi bei nzuri kuliko ya dukani. Noti ikikunjwa katikati huhesabika mara mbili, na wewe una haraka ya basi. Ukija kushtuka, umeshapigwa changa la macho.

Dola nayo ina umri

Marekani yenyewe inasema noti zake zote za zamani bado ni halali. Lakini mwenye duka la fedha ana sheria zake. Dola mia zilianza kuchapwa na picha kubwa ya Benjamin Franklin mwaka 1996, na ile yenye utepe wa bluu ikaingia sokoni Oktoba 2013. Maduka mengi ya Afrika Mashariki huikataa noti ya zamani au huinunua kwa bei ya chini, kwa sababu anaogopa bandia na anajua naye itamsumbua kuiuza. Noti iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au yenye muhuri, nayo ni kesi.

Jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba dola mia moja na hamsini hubadilishwa kwa bei nzuri kuliko dola tano na kumi. Kwa hiyo za kubadilisha ziwe kubwa, mpya na safi. Ndogo ndogo ziwe chache, za teksi, maji ya kunywa na mbeba mizigo. Ukimtolea dereva dola mia usiku wa manane uwanja wa ndege, wewe ndiye umemwonyesha ulichonacho.

Noti kubwa hufa ghafla

Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alitangaza kuwa noti za rupia 500 na 1,000 hazitumiki tena kuanzia saa sita ya usiku huo huo. Hebu vuta picha: una mgonjwa wodini, mkoba una rupia, na asubuhi muuza chai hazitaki.

Kenya ilitoa muda zaidi. Ilitangaza Juni 1, 2019, na ilipofika Septemba 30 mwaka huo noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikafa. Uingereza iliziondoa madukani pauni 20 na 50 za karatasi baada ya Septemba 30, 2022. Noti ya yuro 500 ilikoma kutolewa mpya mwaka 2019, na ingawa bado ni halali, wauzaji wengi hawataki kuiona. Hata hapa kwetu, Benki Kuu ilitoa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003. Aliyekuwa ameficha zake chini ya godoro bila kumwambia mwenzake, na ujumbe ukampita, alibaki na kumbukumbu.

Kwa hiyo, msomaji, chenji ya safari usiifanye akiba. Dirhamu na rupia zilizobaki zibadilishe mapema, la sivyo miaka mitatu baadaye utazikuta kwenye droo hazina mwenyewe. Dola nazo ukirudi zipeleke benki, maana kanuni za Machi 2025 zimekataza kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini.

Forodhani usione haya

Ukiingia au kutoka Tanzania na fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi, unatakiwa kutamka mbele ya maofisa wa forodha. Kutamka si kulipa kodi. Unasema unacho kiasi gani na kimetoka wapi, basi. China ukiingia na zaidi ya dola 5,000 unatamka. Dubai kikomo ni dirhamu 60,000. Asiyetamka ndiye anayeweza kunyang'anywa.

Hapa ndipo penzi linapopimwa. Wapo wanaume wanaomwingizia mke bunda kwenye pochi bila kumwambia, ili mafungu yaonekane madogo. Mama anaulizwa, anasema hana, pochi inafunguliwa. Aibu na kesi vinamwangukia yeye. Dada, usibebe hela usiyoijua hesabu yake, hata kama ni ya mumeo. Na ya mtu baki anayekwambia "nishikie tu tukifika utanipa," mrudishie hapo hapo.

Nani ashike sasa?

Wengine husema mume ndiye mshika hela. Wengine husema mwanamke ndiye mwenye kibindo. Mimi nasema mgawane. Fungu moja akae nalo yeye, moja wewe, la tatu libaki kwenye sefu ya hoteli. Mmoja akiibiwa, safari haifi. Mhesabu pamoja chumbani mlango umefungwa, muandike kwenye daftari moja, na kila jioni mlinganishe. Kuhesabu njiani au mezani hotelini ni kuita wezi.

Kwa waendao China, jueni kuwa noti yao kubwa kuliko zote ni yuani 100 tu. Dola 1,000 ni karibu noti 70, bunda zima. Wenyeji wengi hulipa kwa simu, na tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat. Kama mna kadi, tumieni kupunguza uzito wa pochi, lakini taslimu kidogo isikosekane.

Mwisho kabisa, mtaji wa safari mara nyingi si wenu peke yenu. Kuna mkopo wa kikoba, kuna ada ya watoto, kuna shemeji aliyechangia. Mwenzio ana haki ya kujua kiasi kamili kabla hamjapanda basi au treni ya kwenda Dar. Akikuuliza mmebakiza ngapi, huyo hakuchungi. Siku wewe ukiugua ugenini, yeye ndiye atakayelipa hospitali, na hawezi kulipa kwa hela asiyojua umeificha wapi. Mwambie leo.