CHETI SIKU YA 11, MTARONI SIKU YA 13!

  

Wiki hii tuongee habari za usukani, na nianze na ya nyumbani kwetu, nisije nikaonekana nasema watoto wa watu.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 18, alimaliza form six akakaa wiki moja tu, akaanza wimbo: "Anko, nataka kujifunza gari." Mama yake, ambaye ni dada yangu, akaona afadhali hilo kuliko mtoto kushinda kijiweni. Shule ikatafutwa. Ikapatikana yenye gari linalong'aa, muziki ndani, walimu wamevaa miwani ya jua, na bei ya chini kuliko zote walizoulizia. Nani angekataa?

Siku ya 11 dogo akarudi na cheti. Picha zikapigwa, zikarushwa kwenye grupu la ukoo, soda zikanywewa. Siku ya 13, alfajiri, leseni yenyewe hata haijatoka, akachukua funguo za Probox ya baba yake bila kumwambia mtu, akashika njia ya Lamadi. Kabla hajafika Nyakabindi, ng'ombe wakaanza kuvuka barabara. Dogo akatafuta breki, mguu ukaenda kwenye mafuta! Akakata kona, gari likaishia mtaroni.

Mungu mkubwa. Ng'ombe walipona. Mchungaji naye alipona, katoto ka miaka tisa hivi, kalikuwa hatua tatu tu kutoka pale gari lilipopita. Mpwa wangu akatoka na mkono uliovunjika. Probox yenyewe tusiizungumzie, baba yake anasoma gazeti hili.

Nilipokwenda kumwona nilimuuliza swali moja tu: "Hivi kule shuleni, usukani ulikuwa unaushika kwa muda gani?"

Akainamisha kichwa. "Anko, tulikuwa watano kwenye gari."

HESABU YA USUKANI

Haya, tupige hesabu ya darasa la nne. Gari moja, wanafunzi 5, somo la saa 1. Kila mmoja anapata dakika 12. Hapo sijatoa muda wa kubadilishana viti, wala muda wa mwalimu kuongea na simu. Kwa siku 10, dogo ameshika usukani dakika 120. Saa mbili! Hata chapati huwezi kujifunza kuisukuma ikawa duara kwa saa mbili, halafu mtu huyo huyo unamkabidhi chuma chenye uzito wa tani nzima.

Ndiyo maana nasema, ukienda kutafuta shule usianze na bei. Anza hivi: "Mwanangu atashika usukani, yeye mwenyewe, kwa jumla ya saa ngapi hadi amalize?" Shule inayojiamini itakujibu kwa namba na kukuonyesha daftari la mahudhurio. Shule ya ubabaishaji itakwambia, "Usijali mama, atajua tu." Ukisikia hivyo, beba pochi yako uondoke.

LAMI IMELETA MBIO

Najua kuna mzee anasoma hapa anaguna: "Sisi tulijifunzia kwenye pikapu ya kubebea pamba, hakuna cha shule wala nini." Sawa, baba, shikamoo. Lakini enzi zenu barabara yenyewe ilikuwa mwalimu. Vumbi, makorongo na mashimo, ungekimbia uende wapi?

Leo mambo ni mengine. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu. Lami sasa inaanzia Mwigumbi kule Shinyanga, inapita Maswa, inaingia Bariadi na kwenda kutokea Lamadi kwenye barabara ya Mwanza na Musoma. Kipande cha Bariadi hadi Lamadi peke yake ni kilomita 70 na ushee. Raha kweli kweli! Ila humo humo kuna mkokoteni wa ng'ombe usio na taa, bodaboda iliyopakia mishikaki, baiskeli yenye magunia mawili, na malori ya pamba msimu ukifika.

Sasa sikiliza. Gari likiwa kwenye spidi 80 linakula mita 22 kwa kila sekunde. Ukishtuka, ukachukua sekunde moja na nusu mpaka mguu ufike kwenye breki, umeshakwenda mita 33 na gari bado hata halijaanza kupunguza. Kwenye spidi 50 ingekuwa mita 21. Ile 50 ya kwenye makazi haikuwekwa ili kuwapa matrafiki ulaji, jamani. Tofauti ya mita 12 ni mtoto mzima na mbuzi wake.

Na hatujasahau Januari 11, 2022, kule wilayani Busega, gari lililobeba waandishi wa habari kutoka Mwanza lilipogongana na Hiace ya abiria. Walikufa watu zaidi ya 10, wakiwemo wenzetu wa kalamu na kamera. Simnyooshei mtu kidole. Nasema tu kwamba barabara hizi si mahali pa kumtuma mtoto akajaribie bahati.

MAMBO YA KUCHUNGUZA

Kwanza, kibali. Shule iwe imeruhusiwa kufundisha, na mwalimu naye awe ana ruhusa ya kuwa mwalimu. Omba uonyeshwe, usione haya. Ukiwa na mashaka, ofisi ya polisi wa usalama barabarani iko hapo hapo mjini, kaulize. VETA nao hufundisha udereva, kwa hiyo usidhani chaguo ni moja tu. Na wanaotaka kufika mbali kwenye mabasi ya abiria wanaendelea hadi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kule Mabibo.

Pili, umri. Kuendesha gari ni miaka 18. Ukimpeleka wa miaka 16 halafu shule ikakunong'oneza, "Tutamuongezea miwili," kimbia. Anayedanganya umri atadanganya na mtihani.

Tatu, nani anatoa nini. Shule inafundisha na kutoa cheti cha mafunzo. Polisi ndio wanaomtahini. TRA ndio wanaotoa leseni, ambayo siku hizi inadumu miaka 5. Mtu akikwambia, "Wewe lete picha na hela, leseni niachie mimi," ujue hapo haununui udereva, unanunua kesi. Na kabla mwanao hajagusa barabara, awe na leseni ya kujifunzia mkononi.

Nne, gari lenyewe. Kibao cha L mbele na nyuma. Breki ya pili miguuni kwa mwalimu, hiyo uiangalie kwa macho yako. Mikanda inayofunga, matairi yasiyo kipara. Uliza pia kama ni gari la gia au la oto. Aliyejifunza oto peke yake, siku akipewa la gia litaruka kama chura pale mbele ya stendi, watu wapige makofi.

Tano, anafundishiwa wapi. Kuzunguka uwanja wa mpira ni mwanzo tu. Apelekwe sokoni penye watu, apelekwe kwenye lami, apelekwe kwenye vumbi, na mvua ikinyesha aonje ule udongo wetu mweusi wa mbugani unavyoteleza. Aondoke mlimani bila gari kurudi nyuma. Apaki kwa rivasi.

Sita, mabinti. Hili wengi wanaliogopa, mimi nalisema. Muulize mwanao kila akirudi: mwalimu anamwelekeza kwa mdomo au kwa mikono? Anampigia simu usiku kuhusu nini? Shule ya maana haikasiriki mzazi akija kukaa kiti cha nyuma siku yoyote anayotaka. Dada, na wewe mwenyewe, ukiona mambo hayaeleweki, shuka. Gari la kujifunzia si la mwisho duniani.

MZEE ALIYESEMA "BADO"

Mkono wa mpwa wangu ulipopona tulimtafutia shule nyingine. Gari limechubuka, redio haina, mwalimu ni mzee mmoja wa maneno machache, na wanafunzi wawili tu kwa wakati mmoja. Bei ilikuwa juu kidogo, dada akanuna.

Siku ya kwanza dogo hakuwasha hata injini. Alifundishwa kukagua matairi, maji, oili na taa, kurekebisha kiti na vioo. Siku zilizofuata mzee akampa zoezi la ajabu: aendeshe huku anataja kwa sauti kila anachokiona. "Baiskeli kushoto. Mbuzi kulia. Mtoto ana mpira." Dogo aliona aibu kama anaongea peke yake.

Wiki zikatimia. Dada ameshapanga pilau. Mzee akamwita, akamwambia, "Mama, kijana bado. Usukani anaujua, lakini vioo haangalii. Simpeleki kwenye mtihani."

Weee! Dada alinipigia simu moto unawaka. "Kaka, huyu mzee anataka kunila hela!"

Nikaenda mwenyewe. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nikamwuliza anataka shilingi ngapi za nyongeza. Akashangaa. "Sitaki hata senti. Nataka siku nne." Akatulia, akaongeza, "Nikimpeleka leo, askari anaweza akampitisha. Lakini mimi naishi mji huu, na wajukuu wangu wanavuka barabara hiyo hiyo."

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa. Shule mbovu ina haraka ya kukupa cheti, kwa sababu ukishaondoka kiti chako kinamsubiri mwingine. Shule nzuri inathubutu kumwambia mwanao "bado", tena mbele ya mama yake mwenye hasira, na bila kuongeza bili. Kwa hiyo ukiwa unatafuta shule, waulize waliosoma pale: kuna mtu aliwahi kuambiwa hajaiva? Kama wote wanaiva siku ile ile, hiyo si shule, ni mashine ya kuchapa vyeti.

Na wewe kijana unayesoma hapa kijiweni, usicheke. Ukiambiwa bado, usimwone mwalimu mnoko. Siku nne za aibu ni nafuu kuliko wiki sita za plasta ngumu, muulize mpwa wangu.

Majuzi alinipa lifti kwenda Lamadi. Mimi niko kwenye simu, nasoma meseji. Tulipokaribia Nyakabindi nikasikia gari linapunguza mwendo taratibu. Nikainua macho, barabara nyeupe, sioni kitu.

"Vipi tena?" nikamwuliza.

"Ng'ombe kulia, Anko. Na kuna mtoto nyuma yao."

Kweli bwana, wakatokea.

Haya, kazi kwenu. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.