Faili Ipo, Njia Haipo

Anayehamia NixOS kutoka Ubuntu hukutana mapema na kioja. Anapakua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux za kawaida, anaipa ruhusa, anaiendesha. Kwa miaka mingi jibu la terminali lilikuwa kwamba hakuna faili wala folda ya namna hiyo, ilhali faili yenyewe imekaa pale pale. (Matoleo ya karibuni yanajieleza vizuri zaidi.) Kinachokosekana ni msaidizi wake: programu inayotegemea maktaba za pamoja hubeba ndani yake njia ya kipakiaji, aghalabu /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, na NixOS haiweki kipakiaji halisi mahali hapo.

Huo si uzembe. Katika mfumo huu, ambao msingi wake Eelco Dolstra aliueleza kwenye tasnifu yake ya udaktari huko Utrecht mwaka 2006, kila kifurushi hukaa ndani ya /nix/store, katika folda ambayo jina lake huanza na herufi na tarakimu 32 zinazokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukijenga. Matoleo mawili ya maktaba moja huishi pamoja bila ugomvi.

Sasa ongeza Flatpak. Chombo hiki hutumia bubblewrap kuifungia programu ndani ya mwonekano wake wa diski, uwezo ambao kerneli imekuwa nao tangu 2002. Humo ndani /usr si ya kompyuta yako; ni ya mazingira yaliyokuja na Flatpak. Programu yenyewe iko /app. Kwa hiyo njia moja, ikiandikwa vilevile herufi kwa herufi, inafika pengine kabisa kutegemea nani anayeifuata.

Hapo ndipo fonti zinapoweza kupotea. Kwa asili yake Flatpak hutazamia kuzikuta /usr/share/fonts, folda ambayo kwa kawaida NixOS haina. Mtumiaji mjanja anaweka kiungo kutoka ~/.local/share/fonts kwenda kwenye fonti za mfumo, na bado anaona vijisanduku vitupu. Kiungo cha namna hii ni kama karatasi iliyobandikwa mlangoni, "tumehamia mtaa wa pili": maandishi yamevuka hadi ndani ya kontena, mtaa wenyewe haukuvuka. Kerneli hukifuata kwa macho ya programu iliyofungiwa, si kwa macho yako, na humo hakuna /nix/store.

Wengi hutatua hili kwa kuifungulia programu /nix/store isomwe tu. Inafanya kazi, mradi kila kituo cha njiani, ikiwemo /run/current-system kama kiungo kinapitia huko, nacho kionekane. Hatari yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani hazina hiyo tayari husomwa na kila mtumiaji wa kompyuta na siri hazipaswi kuwekwa humo. Hata hivyo, kwa fonti tu, kuionyesha programu orodha ya kila ulichosakinisha naona ni kupita kiasi. Nakili faili halisi kwa cp -rL. Utapoteza megabaiti chache na utalazimika kunakili upya fonti zikibadilika.

Ukikwama, usiikague njia ukiwa nje. Ingia kwa flatpak run --command=sh ikifuatiwa na jina la programu, kisha tumia ls -lL humo humo. Jibu la ndani ndilo la kuaminiwa.